Mama aliyewafuta wanawe katika wosia

Katikati ya karne ya 12 Kabla ya Kristo (KK), mwaka wa 3 wa utawala wa Ramesses wa Tano, bibi mmoja aitwaye Naunakhte alisimama mbele ya baraza la kijiji chake, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji ambao leo ni Luxor. Kijiji hicho, Deir el-Medina, kilikuwa cha mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme. Naunakhte hakuwa malkia wala binti mfalme. Alikuwa mke wa fundi, mama wa watoto wanane, na umri ulikuwa umekwenda. Alikuja kugawa mali yake.

Karani aliyaandika maneno yake kwenye karatasi ya mafunjo, na hati hiyo ingalipo katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Bibi anajitambulisha kwanza kuwa ni mwanamke huru wa nchi ya Firauni. Anaeleza kuwa aliwalea wote wanane na kuwapa vyombo vya kuanzia maisha, kama wenzao walivyopewa. Sasa amezeeka, na wapo wasiomjali. Basi aliyemshika mkono uzeeni atapata. Asiyemshika asitarajie kitu. Mwanawe Kenhirkhopeshef anaongezewa beseni la shaba juu ya fungu lake. Watoto waliomtupa wanatajwa kwa majina, mmoja mmoja, na kuondolewa katika urithi.

Tazama jinsi alivyojua mipaka ya haki yake. Mali iliyochumwa ndani ya ndoa ilihesabiwa mafungu matatu: mawili ya mume, moja la mke. Naunakhte aligawa fungu lake, pamoja na mali aliyoipata kwa mume wake wa kwanza, karani aliyefariki bila kuzaa naye. Mafungu mawili ya baba hakuyagusa, na hata wale aliowafuta walibaki na haki yao huko. Mwaka uliofuata mumewe, Khaemnun, alirudi barazani na watoto, wakakiri kwamba wosia wa mama utafuatwa kama ulivyoandikwa.

Ninaanza na mama huyu kwa sababu habari za wanawake wa Misri ya kale huishia mara nyingi kwenye majumba ya kifalme, na majumba hayo hayasemi yote. Mwanamke kuketi kwenye kiti cha Firauni lilikuwa jambo la nadra. Katika miaka elfu tatu ya wafalme wa Misri, wanawake waliotawala kwa jina lao wenyewe ni wa kuhesabika kwa vidole, na wengi wao waliingia pale ukoo ulipokosa mwanamume au mrithi alipokuwa mtoto. Merneith, mwanzoni kabisa mwa ufalme, anaonekana kumshikia nchi mwanawe Den. Kaburi lake kule Abydos lilikuwa la hadhi ya wafalme kiasi kwamba mwanaakiolojia Flinders Petrie, alipolichimba mwaka 1900, alidhani ni la mwanamume. Sobekneferu alifunga nasaba ya 12 kwa utawala usiofika miaka minne. Tausret naye aliifunga nasaba ya 19.

Sobekneferu ana sanamu moja ambayo kila anayejali suala hili angepaswa kuiona. Ipo Louvre, Paris, na kichwa chake kimepotea. Kifua kilichobaki kimevaa gauni la kike, na juu ya gauni hilo amefungwa shuka ya kiunoni ya kifalme, vazi la wanaume. Mchongaji alitakiwa kumwonyesha mwanamke, lakini ufalme haukuwa na vazi la mwanamke. Akamvika yote mawili.

Hatshepsut, aliyeshika nchi tangu mnamo mwaka 1479 hadi 1458 KK, alikwenda mbali zaidi. Alianza kama msimamizi wa mtoto wa mumewe, Thutmose wa Tatu, na baada ya miaka michache akajitwalia vyeo vyote vya ufalme. Michoro ikaanza kumwonyesha na ndevu za bandia na kifua cha kiume. Kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari alichora hadithi kwamba mungu Amun mwenyewe ndiye aliyemzaa. Hekalu hilo hilo linaonyesha safari aliyoituma nchi ya Punt, kusini kupitia Bahari ya Shamu: majahazi yakipakiwa, na miti ya manemane ikibebwa kwenye vikapu na mizizi yake ili ikapandwe Misri. Mnara wake wa jiwe moja jekundu la Aswan umesimama bado Karnak, urefu wa karibu mita 30.

Baada ya kifo chake jina lake lilikwanguliwa ukutani na sanamu zikavunjwa na kutupwa. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini ni kisasi cha Thutmose aliyefichwa kivulini. Lakini ufutaji huo ulikuja mwishoni mwa utawala wa Thutmose, miaka kama ishirini baada ya Hatshepsut kufariki. Hasira ya namna ile haingesubiri kiasi hicho. Naungana na wanaosema shabaha ilikuwa kumsafishia njia mrithi, Amenhotep wa Pili, ili orodha ya wafalme isomeke baba kwa mwana bila mwanamke katikati. Kwangu hilo ni baya kuliko kisasi.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Jina la mwanamke mfalme liliweza kufutwa ukutani, lakini haki ya mwanamke wa kawaida ilikuwa ndani ya sheria ya kila siku. Aliweza kumiliki shamba, kurithi, kukopesha, kushtaki, kutoa ushahidi na kudai talaka, bila mwanamume kumsimamia. Si kwamba maisha yalikuwa sawa: ukarani na vyeo vya serikali vilikuwa vya wanaume, waliojua kuandika walikuwa wachache na wanawake kati yao wachache zaidi, na kusaga nafaka kwa jiwe kuliwachosha wanawake maskini tangu alfajiri. Lakini penye mali, neno lake lilitosha.

Wagiriki walipoitawala Misri baada ya mwaka 332 KK walileta sheria yao, na kwa sheria hiyo mwanamke hakufunga mkataba bila mlezi wa kiume, awe baba, mume au kaka. Nchi moja ikawa na sheria mbili. Mwanamke aliyekwenda kwa karani wa Kimisri aliuza shamba lake kwa jina lake mwenyewe. Aliyekwenda kwa mwandishi wa Kigiriki alihitaji mwanamume wa kusimama naye. Ndani ya Misri hiyo Cleopatra wa Saba alitawala kuanzia mwaka 51 hadi 30 KK, na mwandishi wa Kigiriki Plutarch anaandika kwamba katika ukoo wake ni yeye aliyejishughulisha kujifunza lugha ya Wamisri. Alipokufa, nchi ikawa jimbo la Roma. Hati za Kimisri zikapungua, za Kigiriki zikatawala ofisi, na mlezi wa kiume akazidi kuonekana kando ya jina la mwanamke, hata Mmisri ambaye bibi zake walikuwa wakisimama barazani peke yao.