Nondo wa Hariri wa Msituni

Wengi wetu tukisikia neno nondo, twamfikiri yule mdudu mdogo aharibuye nguo sandukuni. Lakini wako nondo wa namna nyingi, na wengine wao huleta faida. Leo twataka kueleza habari za mmoja akaaye katika Msitu wa Kakamega, magharibi ya Kenya, na katika misitu mingine ya Afrika. Wataalamu humwita kwa Kilatini Anaphe panda.

Nondo huyu ana mabawa meupe yenye mistari ya rangi ya kahawia. Jike hutaga mayai mengi mahali pamoja, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake. Viwavi watokao humo hawapendi kutengana. Hula pamoja majani ya mti uitwao Bridelia micrantha, na wakihama huandamana kwa safu, kila mmoja nyuma ya mwenziwe. Na tuwatazame, lakini tusiwashike, kwa maana nywele zao huwasha sana ngozi na hudhuru macho.

Wakiisha kukomaa, hukusanyika wakafuma nyumba moja ya hariri. Ganda la nje ni jepesi. La pili ni gumu kama ngozi kavu. Na ndani kila kiwavi hujifumia kifukofuko chake. Humo hugeuka umbo, hata siku moja akawa nondo, akatoboa nyumba na kuruka.

Nyumba hiyo iliyoachwa ndiyo faida yetu. Hariri yake haivutwi kwa uzi mmoja mrefu, kama ile ya nondo wa mforsadi. Huchemshwa kwanza ili gundi yake itoke, kisha huchambuliwa na kusokotwa kama pamba. Wayoruba wa Nigeria wametumia hariri ya nondo wa jamaa hii tangu zamani kufuma nguo ya heshima iitwayo sanyan.

Lakini yafaa tuangalie jambo moja. Mtu akiichuma nyumba na kuichemsha kabla nondo hawajatoka, amewaua wote, wala hapana atakayetaga mayai tena. Na akiukata mti kwa kuni, amewanyima viwavi chakula chao. Basi tungoje mpaka tuone matundu katika nyumba, ndipo tuichume. Wahenga walisema, Subira huvuta heri. Na heri hii yategemea msitu. Msitu ukiisha, hariri nayo imekwisha.