Rafiki Asiyeonekana: Kuwalinda Watoto Wanapoongea na Wageni Katika Michezo ya Simu



Kwenye barabara inayotoka Sake, ikipita Kirotshe, Shasha na Bweremana hadi Minova, familia nyingi zimehama zaidi ya mara moja. Mapigano ya mwaka 2024 karibu na Sake, kisha yale ya Januari 2025, yaliwatawanya watu. Katika kuhama huko, simu imekuwa mali kubwa ya familia. Kwa simu tunapata habari, tunapokea pesa, tunawatafuta waliopotea. Jioni, simu ikiwa ingali na chaji kidogo, mtoto anaiomba ili acheze.

Kucheza si kosa. Mtoto aliyekimbia vita anahitaji mchezo kama anavyohitaji chakula na usingizi. Lakini baadhi ya michezo ya simu ina mazungumzo ndani yake, na mtoto anaweza kuongea na mtu ambaye mzazi hamjui na hamuoni.

Michezo hii inafanyaje kazi?

Iko ya aina mbili. Ya kwanza haihitaji intaneti. Mtoto anacheza peke yake, au na ndugu yake aliyeketi kando yake. Hapo hakuna mgeni.

Ya pili inahitaji mega. Mfano ni Free Fire, mchezo unaopendwa kwa sababu unafanya kazi hata kwenye simu za bei nafuu. Wachezaji hadi 50 huingia katika pambano moja, na wanaweza kugawanywa katika timu za watu wanne. Watu wa timu moja huandikiana na hata kusikilizana kwa sauti. Mmoja anaweza kuwa Kirotshe, mwingine Kampala, mwingine Brazili. Jina ni la kubuni, na picha pia. Anayejiita msichana wa miaka 12 anaweza kuwa mwanaume wa miaka 40.

Mtego unategwaje?

Mtu mwenye nia mbaya haanzi kwa ubaya. Kwa kawaida hupita hatua hizi:

1. Anamsifu mtoto: "Unacheza vizuri kuliko wote."
2. Anampa zawadi ndani ya mchezo, au uniti za simu.
3. Anauliza maswali madogo: Uko wapi? Unaishi na nani? Simu ni ya nani?
4. Anamwomba watoke kwenye mchezo, waendelee kwa WhatsApp.
5. Anamwambia: "Usimwambie mama. Hii ni siri yetu."
6. Anaomba picha ya mwili, namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, au wakutane mahali. Mtoto akikataa, anamtisha.

Hatua ya tano ndiyo alama kubwa. Mtu mzima mwema hamwombi mtoto wa watu wengine amfiche mama yake jambo.

Kwa nini watoto wetu wako hatarini zaidi?

Kwa sababu mgeni anatafuta pengo, na vita vimeacha mapengo mengi. Aliyepoteza shule anaahidiwa karo. Mwenye njaa anaahidiwa kazi Goma. Aliyetengana na wazazi anaambiwa: "Najua mama yako alipo, njoo nikupeleke." Hapa kila familia ishike neno hili: Msalaba Mwekundu huwatafuta jamaa waliopoteana bila kudai malipo, na hauwaiti watoto wakutane kwa siri.

Tena, katika nchi yenye makundi yenye silaha, swali la "uko wapi?" si dogo. Mtoto akisema jina la kijiji, idadi ya watu nyumbani, au nani amewasili jana usiku, amesema habari za wote. Pia vijana huweza kusikia humo matusi ya kikabila na uvumi, kisha wakaubeba hadi uwanjani na shuleni. Amani tunayoijenga barazani inaweza kubomolewa kwa njia hiyo.

Mzazi afanye nini?

Wazazi wengi wanafikiri dawa ni kumpiga mtoto au kumnyang'anya simu. Ndicho anachotaka yule mgeni. Mtoto anayeogopa fimbo atanyamaza, na akinyamaza atabaki peke yake na anayemtisha. Ulinzi wa kwanza ni mtoto kujua kwamba akisema, atasikilizwa.

- Mwambie mapema, kabla ya tatizo: "Mtu akikuuliza jambo la kukusumbua, niambie. Sitakupiga."
- Achezee mahali watu wapo, si gizani peke yake.
- Zima mega anapocheza mchezo usiohitaji intaneti.
- Katika michezo ya intaneti, zimeni kipaza sauti na mkubali marafiki mnaowafahamu tu. Kama hujui kusoma, mwombe kijana unayemwamini akuonyeshe.
- Asitumie jina lake la kweli, wala jina la kijiji, kambi au shule.
- Namba ya siri ya pesa asiijue.

Na kama jambo limeshatokea?

Usifute ujumbe, maana ni ushahidi. Mzuie mtu huyo asiandike tena. Usilipe anachodai, kwa kuwa atarudi kudai zaidi. Picha ya mwili wa mtoto isitumwe kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuwaonya wengine. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu picha za ngono za watoto. Kama mtoto amekutana na mtu huyo na ametendewa ukatili wa kingono, apelekwe kwenye kituo cha afya mara moja. Dawa ya kuzuia UKIMWI inatakiwa ianzwe kabla ya masaa 72 kupita.

Wajibu wa viongozi

Mashefu, wachungaji, mapadri, mashehe, walimu na kamati za ulinzi wa mtoto, chagueni mwanamke mmoja na mwanaume mmoja ambao watoto wanaweza kuwaendea, nao watunze siri. Jina la mtoto lisitajwe mkutanoni. Mambo ya ngono dhidi ya mtoto yasimalizwe kwa mbuzi kati ya familia mbili. Yapelekwe kwenye ofisi ya Mambo ya Jamii na kwenye sheria.

Wakumbusheni watu pia kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na kumwingiza katika kundi la silaha ni kosa lenye kifungo cha miaka 10 hadi 20. Awe ameitwa njiani, sokoni au kwa simu, kosa ni lile lile.

Leo jioni, kabla ya kumpa mtoto simu, muulize: "Unacheza na nani?" Kisha keti, umsikilize.