Kabla ya kuuza ng'ombe, chagua vizuri kazi ya kuandika kwenye fomu ya viza

MKULIMA wa Mvumi hapandi mpunga kwenye mchanga kwa sababu tu amesikia mpunga una bei nzuri Dodoma mjini. Anatazama udongo wake, anatazama mvua, ndipo anachagua mtama, uwele, alizeti au zabibu. Lakini mtoto wa mkulima huyo huyo anapotaka kwenda kufanya kazi Australia au Kanada, familia huisahau hesabu hiyo. Inasikia kwamba "kule wanatafuta watu wa kazi fulani", inauza mifugo, inalipa ada, kisha inapata jibu kwamba kazi iliyoandikwa kwenye fomu si kazi anayoijua mwombaji.

Hasara ya namna hiyo si ndogo. Tathmini moja ya ujuzi kwa ajili ya viza ya Australia, kwa kazi nyingi za kitaalamu, hugharimu zaidi ya dola 1,000 za nchi hiyo, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Viza yenyewe inazidi dola 4,000 kwa mwombaji mkuu peke yake, bila mke wala watoto. Kwa familia inayotegemea jembe na mbuzi wachache, fedha hizo ni akiba ya miaka mingi, na ada ya tathmini hairudishwi kwa sababu jibu limekuwa baya.

Wazee wa Mvumi wanajua maana ya mali kuondoka. Mwaka 1986 mifugo yote iliondolewa katika tarafa hiyo chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ili kuiokoa ardhi iliyokuwa imeliwa na mmomonyoko. Eneo hilo pia lina hospitali ya Dayosisi ya Central Tanganyika na chuo cha afya, na si ajabu kumkuta mtoto wa mfugaji akiwa muuguzi au mtaalamu wa maabara. Elimu imekuwa zizi jipya la familia. Swali ni namna ya kulitumia zizi hilo bila kulimaliza.

Nini maana ya tathmini ya ujuzi

Nchi zinazopokea wahamiaji wa kazi hazikubali neno la mwombaji kwamba yeye ni fundi, mhasibu au mtaalamu wa kilimo. Zina orodha za kazi, na kila kazi ina maelezo ya majukumu na kiwango cha elimu kinachotakiwa. Kanada hutumia orodha iitwayo NOC, ambayo toleo lake la 2021 lilianza kutumika katika uhamiaji Novemba 2022. Kwa miaka mingi Australia imetumia orodha iitwayo ANZSCO, ambamo kila kazi ina namba ya tarakimu sita. Humo hata mkulima wa zabibu ana namba yake, 121215.

Hata hivyo, kazi kuwa na namba si sawa na kazi hiyo kukubaliwa kwa viza. Serikali ya nchi husika huchagua ndani ya orodha kubwa kazi inazozihitaji, na uteuzi huo hubadilika. Anayepanga safari ya mwaka ujao kwa orodha ya mwaka juzi ni sawa na anayepanda kwa kutegemea mvua ya msimu uliopita.

Huko Australia, mwombaji wa viza ya kazi ya ujuzi kwa njia ya pointi huchagua kazi moja, na taasisi inayohusika na kazi hiyo ndiyo humpima. Wauguzi hupimwa na ANMAC, wahandisi na Engineers Australia, walimu na AITSL, na mafundi wengi na Trades Recognition Australia. Chombo hicho cha mwisho hufupishwa TRA, lakini hakihusiani kabisa na Mamlaka ya Mapato ya hapa nyumbani. Wataalamu wa kilimo, wachumi na kazi nyingine nyingi hupelekwa VETASSESS. Kwa hiyo anayechagua kazi anachagua pia mtahini, na kila mtahini ana masharti yake.

Mafiga matatu

Chungu hakikai juu ya figa moja. Kazi inayofaa kuandikwa kwenye fomu lazima ikalie mafiga matatu: elimu aliyosomea mwombaji, kazi aliyoifanya kweli na kulipwa, na orodha ya nchi anayotaka kwenda. Figa moja likikosekana, chungu kinamwagika.

Chukulia kijana aliyehitimu shahada ya uchumi kilimo, kisha akafanya kazi miaka minne katika SACCOS, akipokea maombi ya mikopo, kukagua dhamana na kufuatilia marejesho. Shahada yake inamwambia aandike "mchumi". Lakini mtahini akisoma barua ya mwajiri hataona utafiti wa uchumi wala uchambuzi wa soko. Ataona ofisa mikopo. Upande wa pili, kijana akiandika "ofisa mikopo", kazi hiyo imepangwa katika daraja la chini kuliko kazi zinazodai shahada, na anaweza kukuta haimo kwenye orodha ya viza anayoitaka. Elimu ni ya huku, kazi ni ya kule. Kijana huyu hana budi kungoja, au kutafuta kazi inayolingana na shahada yake, kabla ya kulipa chochote.

Sasa chukulia mwenzake aliyesoma kilimo kwa shahada na kuajiriwa kuwa bwana shamba. Cheo chake kwenye barua ni "ofisa kilimo", maneno yanayoweza kumaanisha mambo mengi. Katika orodha ya Australia yapo makundi mawili yanayokaribiana: mshauri wa kilimo, anayewaelekeza wakulima juu ya uzalishaji na masoko, na mwanasayansi wa kilimo, anayefanya utafiti. Jina la mwanasayansi linavutia zaidi. Lakini kama kijana huyu alishinda vijijini akiwafundisha wakulima nafasi za kupandia na namna ya kudhibiti viwavi, majukumu yake ni ya ushauri. Akijiita mwanasayansi, barua yake mwenyewe itamsuta.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtahini hapimi cheo, anapima majukumu. Kanada nayo inafuata njia hiyo: mwombaji anatakiwa aonyeshe kwamba alifanya yale yaliyotajwa katika maelezo ya kazi pamoja na sehemu kubwa ya majukumu makuu, hata kama ofisini alikuwa akiitwa jina jingine.

Daraja nalo lina maana

Kwa wauguzi, tatizo ni daraja. Nyumbani mwenye stashahada husajiliwa kuwa muuguzi kamili. Australia, mafunzo ya kuwa muuguzi msajiliwa ni ya shahada, na stashahada ni ya muuguzi wa daraja linalofuata chini yake. Mwenye stashahada asidhani kwamba cheo chake kitavuka bahari kama kilivyo. Vilevile, kufaulu tathmini ya viza hakumpi leseni ya kuhudumia wagonjwa. Usajili wa kazi ni hatua nyingine, kwa chombo kingine na kwa ada nyingine.

Kwa mafundi, yapo madaraja yanayochanganya hata hapa nchini. Katika mfumo wa zamani wa majaribio ya ufundi, daraja la tatu lilikuwa la mwanzo na la kwanza ndilo la juu. Katika mfumo wa sasa wa VETA, ngazi ya kwanza ndiyo ya mwanzo na ya tatu ndiyo ya juu. Fundi mwenye cheti cha zamani cha daraja la kwanza asipoeleza hilo, mgeni anaweza kumwona anayeanza, kumbe ni bingwa.

Mafundi waliojifunza mitaani bila kupita chuoni wana mlango wao. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti kwa kile anachokiweza. Nako lazima achague fani. Fundi wa kijijini huezeka, hujenga, hupiga lipu na kuunganisha mabomba siku hiyo hiyo, lakini anayepimwa uashi atapimwa uashi. Achague fani ambayo mkono wake umezoea zaidi, si ile ambayo rafiki yake amefaulu. Cheti hicho hakitoshi chenyewe kumpa mtu viza ya Australia, lakini ni ushahidi, na hata asiposafiri kinamsaidia kupata kazi kwa wakandarasi hapa hapa Dodoma.

Ushahidi hujengwa mapema

Kijana aliyelima zabibu na baba yake miaka kumi anaujua mzabibu kuliko wengi wenye vyeti. Kwa mtahini, hata hivyo, miaka hiyo huwa kama haikuwepo, kwa sababu hakuna mshahara, mkataba wala barua. VETASSESS hutaka kazi ya malipo, ya angalau saa 20 kwa wiki. Kwa kazi kama ushauri wa kilimo hutaka shahada inayolingana na kazi hiyo, pamoja na angalau mwaka mmoja wa kazi ya kiwango hicho baada ya masomo, ndani ya miaka mitano iliyopita.

Aliyeajiriwa ahifadhi mikataba, hati za mshahara, taarifa za michango ya NSSF na taarifa za benki. Aliyejiajiri awe na namba ya mlipa kodi, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, stakabadhi za mauzo na kumbukumbu za chama cha ushirika alikouza mazao. Anayeacha kazi aombe barua siku ile ile, ikitaja tarehe, saa za kazi, malipo na majukumu, kabla mwajiri hajahama au kufunga.

Jambo jingine dogo lenye gharama kubwa ni majina. Jina la ubatizo kwenye cheti cha kidato cha nne, jina la ukoo lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, na la tatu kwenye kitambulisho cha taifa, humfanya mtu mmoja aonekane watu watatu. Marekebisho yafanywe mapema, si wakati muda wa kuwasilisha maombi unahesabika.

Ushahidi wa kutunga usiguswe. Australia inaweza kumzuia kwa miaka mitatu aliyewasilisha hati za uongo, na miaka kumi akidanganya utambulisho wake. Kanada humfungia mdanganyifu miaka mitano. Barua ya kughushi inayonunuliwa kwa bei nafuu inaweza kula ujana wote wa mtu.

Fedha itoke kwa hatua

Habari njema kwa mzazi ni kwamba si lazima zizi liuzwe siku moja. Kusoma orodha za kazi na masharti ya mtahini kwenye tovuti za serikali husika ni bure. Fanya hilo kwanza. Kisha unafuata mtihani wa Kiingereza, kama IELTS, kwa sababu matokeo yake hubadili hesabu yote. Huko Australia, alama ya 6 katika kila sehemu haileti pointi yoyote, alama ya 7 huleta pointi 10, na alama ya 8 huleta 20. Umri wa miaka 25 hadi 32 huleta pointi 30, na mwenye miaka 45 au zaidi haalikwi kabisa.

Baada ya hapo ndipo ilipwe tathmini ya ujuzi. Tathmini ikikubaliwa, kujiandikisha kusubiri mwaliko hakulipiwi. Ada kubwa ya viza hulipwa baada ya mwaliko kufika. Kiwango cha chini ni pointi 65, lakini kufikisha 65 si ahadi ya kualikwa, kwa kuwa katika kazi nyingi wanaochukuliwa huwa na pointi zaidi. Mzazi anayeelewa ngazi hizi anaweza kuuza mbuzi wawili, akangoja matokeo, kabla ya kumgusa ng'ombe.

Anayedai fedha zote mwanzoni na kuahidi kwamba "viza ipo" aogopwe. Wakala wa ajira nchini anatakiwa kuwa na leseni, nao washauri wa uhamiaji wa Australia na Kanada wana madaftari ya wazi ambamo jina la kila aliyesajiliwa linaweza kutafutwa.

Milango pia hufungwa. Uingereza ilikuwa ikiwapokea wafanyakazi wengi wa kulea wazee, lakini tarehe 22 Julai 2025 ilisimamisha maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje. Aliyekuwa ameacha kazi yake ya uuguzi akasome kozi fupi ya ulezi kwa ajili ya viza hiyo, alibaki na cheti kisicho na soko.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kubadili kazi ya maisha yake ili ifanane na orodha ya mwaka mmoja. Mwenye elimu na kazi zinazoendana, hati zilizopangwa na majina yaliyonyooka, ana cha kuonyesha Australia, Kanada, au mbele ya ofisa mikopo wa benki ya Dodoma. Viza isipotoka, kumbukumbu hizo hizo za mauzo ya zabibu zinaweza kumsaidia kuomba mkopo wa msimu ujao, na ng'ombe wake bado wako zizini.