Kidole Huonyesha Upande, Si Umbali: Kipanya Katika Picha ya Pande Tatu

Mtu asimamaye kwenye njia panda ya Mingoyo, zinapokutana barabara za Lindi, Mtwara na Masasi, akinyoosha kidole na kusema "kile pale", mwenzake hana budi kuuliza: kipi? Mstari mmoja wa kidole waweza kupita kwenye mnazi, paa la nyumba na mkorosho ulio nyuma yake.

Kipanya cha kompyuta kina upungufu huohuo. Kioo ni bapa, hivyo kishale hutoa namba mbili tu: ya kulia na kushoto, na ya juu na chini. Namba ya tatu, yaani kina, haimo. Ili kuipata, programu huchora mwale usioonekana kutoka jicho la mtazamaji, ukapita pale palipobofywa na kuzama ndani ya picha. Kila kitu huwa kimezungushiwa kisanduku cha kufikirika. Ambacho kisanduku chake hakikuguswa na mwale huachwa mara moja. Vilivyobaki hukaguliwa pembetatu kwa pembetatu, na kilichoguswa karibu zaidi na jicho ndicho huchaguliwa.

Mkoa wa Lindi unahusika na elimu hii. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi walibeba mifupa ya dinosaria kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa kwenda Berlin. Karibu karne moja baadaye, mtafiti Heinrich Mallison aliunganisha ndani ya kompyuta mifupa ya mmoja wao, Kentrosaurus, iliyopigwa picha kwa leza. Mwaka 2010 alichapisha matokeo yake kuhusu jinsi mnyama huyo alivyosimama na viungo vyake vilivyoweza kujikunja. Katika kazi ya namna hiyo, pingili moja ya uti ikichaguliwa badala ya jirani yake, mkao wote huharibika.

Hospitalini hasara ni kubwa zaidi. Picha za CT zikijengwa kuwa umbo la pande tatu, ngozi yaweza kufanywa angavu hadi mshipa uliomo ndani uonekane. Jicho huona mshipa, lakini mwale waweza kuishia kwenye ngozi, na umbali unaopimwa ukawa wa kitu kingine. Kwa hiyo tabaka la juu lifichwe kabisa, umbo ligeuzwe, sehemu ileile ibofywe tena kutoka upande wa pili, kisha ilinganishwe na vipande vya awali vya CT.

Swali la Mingoyo, "kipi?", lijibiwe kabla kisu hakijashikwa.