Shabiki Anapojifunza Kuandika: Tuisome Fangirl

Safari hii tunawaletea riwaya isiyo ya Kiswahili, nasi tunayo sababu. Fangirl, ya Mmarekani Rainbow Rowell, ilitolewa mwaka 2013. Inasimulia mwaka wa kwanza wa chuo, nayo inauliza swali linalotusumbua walimu kila tunaposahihisha insha: mwanafunzi anapoazima kwa mwingine, anajifunza au anaiba?

Mhusika mkuu ni Cath, mwenye umri wa miaka 18. Yeye na pacha wake Wren wametoka Omaha kwenda Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln. Wren anakataa kukaa naye chumba kimoja. Cath anajifungia, anakula vitafunio vya pakiti, kwa kuwa hajui bwalo lina taratibu gani na anaona haya kuuliza. Nyumbani amemwacha baba mwenye ugonjwa wa akili. Mama aliwakimbia wakiwa na miaka minane. Kimbilio lake ni Simon Snow, kijana mchawi wa mfululizo wa vitabu ambao Rowell mwenyewe ameubuni. Cath si msomaji tu: huwatungia wahusika hao visa vipya, na mashabiki maelfu humsoma kwenye intaneti.

Mgogoro unaanza darasani. Cath anampelekea Profesa Piper, mwalimu wake wa utunzi, hadithi ya Simon Snow. Anapata F, na kuambiwa kuwa huo ni wizi. Yeye anashikilia kwamba wahusika ni wa mwingine, lakini maneno ni yake. Wakati huohuo Nick, mwanafunzi mwenzake, anaandika naye hadithi katika daftari moja, kisha anaiwasilisha kama yake peke yake. Je, mwizi ni nani hapa? Mwandishi hatujibii, anatuachia tuyapime matukio hayo mawili.

Sisi tulio katika fasihi ya Kiswahili hatuwezi kumhukumu Cath haraka. Washairi wetu wamejibizana tangu zamani, mmoja akichukua hoja na vina vya mwenzake. Hadithi za Sungura na Fisi husimuliwa na kila fanani kwa namna yake. Hata mwanafunzi wetu, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne, huanza kwa sauti ya kuazima. Lakini Piper naye hakukosea kabisa. Anataka kusikia sauti ya Cath, na ndiyo Cath anayoiogopa, kwa sababu ndani yake yumo mama aliyeondoka. Hatimaye anaiandika hadithi hiyo, nasi tunaona kwamba miaka ya ushabiki haikupotea: ndiyo iliyomkomaza mkono.

Walimu wamwangalie pia Levi. Kijana huyu mchangamfu husumbuka mno kusoma kitabu, ila akisikia huelewa na kukumbuka. Cath anamsomea kwa sauti, na mapenzi yao yanaanzia hapo. Ni wangapi darasani mwetu tunaowaita wavivu, kumbe wanahitaji kusomewa?

Ili kuifaidi riwaya hii, msiviruke vipande vya Simon Snow vilivyowekwa kati ya sura na sura. Baadhi vimetoka katika vitabu vyenyewe, vingine ni vya Cath. Kuvilinganisha ni zoezi zuri la mtindo. Mwaka 2015 Rowell alimpa Simon riwaya yake, Carry On.

Tunapendekeza jaribio moja darasani. Mwanafunzi achague mhusika wa riwaya ya Kiswahili, tuseme Rosa wa Rosa Mistika, amtungie tukio jipya la ukurasa mmoja, na ataje wazi kuwa mhusika ni wa Kezilahabi. Wiki inayofuata aandike ukurasa kuhusu mtu wa nyumbani kwake. Kurasa hizo mbili zisomwe pamoja, kwa sauti. Hapo ndipo tutakapojua alichoazima na kilicho chake.