Mchumba wa Kuchaguliwa na Baba

Kama bando yako ya wikendi haina kazi, ingia Netflix utafute Ranma ½, ile mpya ya 2024. Wazee wawili marafiki wameamua watoto wao waoane ili dojo ya familia ipate mrithi. Ranma analetwa achague kati ya mabinti watatu wa Tendo. Dada wakubwa wanajitoa mbio na kumsukumia kitinda mimba, Akane, 16, ambaye hataki hata kusikia habari za wavulana. Balaa zaidi: Ranma akimwagikiwa maji baridi anageuka msichana, na baba yake anakuwa panda! Nilicheka hadi jirani wa ploti yetu hapa Section 58 akagonga ukuta.

Kinachonifurahisha ni kwamba hawa wawili wanakataa kwa sauti, kila siku. Rumiko Takahashi aliichora 1987 hadi 1996 na hata mwisho harusi inavurugika (samahani, nimemwaga mtama).

Binamu yangu kule Baringo alichumbiwa akiwa kidato cha pili. Alikataa, akaambiwa anyamaze. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, lakini mbuzi walikuwa washafika. Juzi nilimtumia kipindi cha kwanza. Akajibu kwa emoji za kicheko, halafu akauliza: "Huyo Akane anamaliza shule?"