Wasiwasi Usiokwisha ni Maradhi, na Maradhi Yana Tiba



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, wanafunzi wenzetu na wazazi wetu, tumeona tuzungumzie maradhi ambayo wengi huyaficha.

Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, hapa kwetu Muleba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudi makwao hali ile ikafika Nshamba, ikawapata watu 217. Madaktari walipima, hawakuona sumu wala vijidudu. Wataalamu waliolichunguza jambo hilo baadaye wengi wamesema ni dhiki ya moyo iliyojitokeza mwilini. Wasichana wale hawakuwa wakiigiza.

Tukio lile liliwapata wengi kwa pamoja, kisha likapita. Lakini yapo maradhi ya kimya yanayompata mtu peke yake, nayo ni ugonjwa wa wasiwasi. Neno hili kwetu lina maana mbili: vishawishi vya shetani, na hofu ya moyo. Kwa kuchanganya hayo mawili, mgonjwa huambiwa imani yake ni dhaifu, naye hunyamaza.

Dalili zake

Kila mtu huingiwa na hofu mtihani ukikaribia, na ukipita hofu huondoka. Hofu ya mgonjwa haiondoki. Leo huwaza karo, kesho afya ya mama, keshokutwa safari ya ziwani. Huwa hivyo siku nyingi, kwa miezi 6 au zaidi, na hawezi kujizuia. Usingizi humpaa, misuli hukaza, huchoka upesi, huwa mkali, na somo halimwingii.

Je, ni upungufu wa imani?

Tumtazame mama yake Nabii Musa (A.S.). Surat al-Qasas inatueleza jinsi moyo wake ulivyokuwa baada ya kumtia mwanawe mtoni, hata akakaribia kuitoa siri. Allah (S.W.) akautia nguvu moyo wake, naye akamtuma dada yake Musa amfuatilie mtoto. Alimtegemea Mola wake, na akashika sababu. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na zote mbili zinahitaji kutibiwa.

Tufanye nini?

1. Tudumishe swala, dhikri, na dua aliyotufundisha Mtume (S.A.W.) ya kujikinga na hamu na huzuni.
2. Hofu ikipanda, tuvute pumzi taratibu kwa pua, tuitoe taratibu zaidi kwa mdomo, kwa dakika chache.
3. Tutembee au tucheze mpira, na tulale kwa wakati.
4. Tupunguze kahawa, ya kunywa na ile tunayotafuna, pamoja na chai kali. Huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi.
5. Tumwambie mzazi au ustadhi tunayemwamini.
6. Hali ikiendelea, twende zahanati au kituo cha afya, tuombe rufaa ikihitajika. Yapo matibabu ya mazungumzo na mtaalamu, na zipo dawa. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na haziachwi ghafla bila kumuuliza daktari.

Wazazi wetu, mtoto akisema moyo haumtulii, msimwite mvivu wala msimkemee. Msikilizeni. Akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenda kwa daktari hakupunguzi tawakkul, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametuamrisha kutafuta tiba. Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na azitulize nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.